Namna ya Kusoma Vitabu vya Majina vya Uskoti, kwa Mfano wa Parokia ya Kirkmaiden

Kusini kabisa mwa Uskoti bahari inaibana nchi kutoka pande mbili mpaka inabaki shingo nyembamba ya ardhi, kisha nchi inatanuka tena na kuwa rasi ya majabali iitwayo Mull of Galloway. Kila upande wa shingo hiyo pana hori dogo: la mashariki limeandikwa kwenye ramani East Tarbet, na la magharibi West Tarbet. Katika Kigaeli, lugha ya Kiselti iliyozungumzwa huko zamani, tairbeart ni mahali ambapo nchi ni nyembamba kiasi cha watu kuweza kuiburura mashua nchi kavu kutoka maji haya hadi maji yale, wakaepuka mkondo mkali unaochemka kwenye ncha ya rasi. Hata hivyo, wapima ardhi walipofika katika parokia hii ya Kirkmaiden katika miaka ya 1840, Kigaeli kilikuwa kimetoweka Galloway kwa vizazi kadhaa. Watu waliowatajia jina hilo walizungumza Kiskoti, lugha iliyo ndugu wa Kiingereza, na jina walilirithi bila maana yake.

Basi ni nani aliyeamua kwamba liandikwe Tarbet, na si Tarbert wala Tarbat, kama yalivyoandikwa majina ya asili hiyohiyo kwingineko Uskoti? Ramani haijibu. Ramani hutoa hukumu tu, na ushahidi uliosikilizwa kabla ya hukumu umehifadhiwa mahali pengine, katika Vitabu vya Majina vya Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvisoma vitabu hivyo kwa parokia moja, hatua kwa hatua, ili msomaji aweze kuwafikia waliohojiwa na kupima maneno yao.

Hatua ya kwanza: elewa kazi ilivyofanyika

Ordnance Survey ilianzishwa mwaka 1791 ikiwa idara ya kijeshi. Kabla yake, kati ya 1747 na 1755, William Roy na wenzake walikuwa wamechora ramani ya kijeshi ya Uskoti kufuatia uasi wa mwaka 1745, lakini kazi hiyo haikuambatana na daftari la kuonyesha ni nani aliyetaja jina gani. Desturi ya kuandika ushahidi wa majina ilikomaa Ireland, ambako upimaji wa skeli ya inchi sita kwa maili ulianza mwaka 1824 chini ya Thomas Colby, na ambako msomi John O'Donovan aliajiriwa kuyachunguza majina ya Kiayalandi kwa kuyalinganisha na maandishi ya kale. Kazi ilipohamia Uskoti ilianzia Wigtownshire, kaunti ambamo Kirkmaiden imo. Vitabu vya Majina vya kaunti hiyo ni vya miaka 1845 hadi 1849, na vile vya Orkney, kaskazini, vilikamilika mwaka 1880.

Skeli ya inchi sita kwa maili, yaani 1:10,560, inatoa nafasi kwa shamba, kisima, daraja, hata mwamba wa pwani, na kila kitu kilichopata nafasi kilihitaji jina. Kuanzia katikati ya miaka ya 1850 sehemu zilizolimwa zilipimwa kwa skeli ya 1:2,500, na idadi ya majina ya kukusanywa ikaongezeka sana.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa zamu. Waliotangulia walipima pembetatu kutoka kilele hadi kilele; waliofuata walipima mashamba kwa mnyororo; kisha mchoro ukanakiliwa kwenye karatasi angavu na kukabidhiwa mkaguzi. Huyo mkaguzi ndiye mtu wa kumfuata. Alitembea parokia nzima akiwa na mchoro mkononi, akihakikisha kwamba kila ukuta wa mawe na kila kijito kimo, na akiuliza majina. Baadhi yao walikuwa askari wa kikosi cha Royal Sappers and Miners, na wengine walikuwa raia walioajiriwa. Alichokusanya kilipitiwa na ofisa, kisha kikapelekwa Southampton, ambako idara ilihamia baada ya moto wa mwaka 1841 kuunguza ofisi zake katika Tower of London. Huko jina lilichongwa kinyumenyume kwenye bamba la shaba. Tahajia iliyofika kwenye shaba ilikuwa ngumu kubadilishwa, na ndiyo maana mabishano yote yalilazimika kumalizika kabla, katika kurasa za kitabu.

Hatua ya pili: pata kitabu kilicho sahihi

Vitabu vimepangwa kwa kaunti, na ndani ya kaunti kwa parokia. Asili zake zimehifadhiwa katika National Records of Scotland mjini Edinburgh chini ya alama OS1, na Wigtownshire ni OS1/35. Picha za kurasa, pamoja na maandishi yaliyonakiliwa na watu wa kujitolea, ziliwekwa mtandaoni kupitia mradi wa ScotlandsPlaces. Soma nakala ya maandishi ili kupata mahali upesi, lakini usikubali tahajia yoyote kabla ya kuiona picha ya ukurasa, kwa sababu mwandiko wa karne ya 19 huzifanya herufi n na u zifanane, na herufi moja inaweza kugeuza asili ya jina zima.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni majina pacha: katika kaunti hiyohiyo palikuwa na parokia nyingine ya kale iliyoitwa Kirkmaiden, ambayo iliunganishwa na Glasserton, kwa hiyo hati ya zamani inayotaja Kirkmaiden inaweza kuwa inazungumzia pwani nyingine kabisa. Wa pili ni mipaka. Mipaka mingi ya parokia za Uskoti ilirekebishwa katika miaka ya 1890, na shamba ambalo leo limo katika parokia yako linaweza kuwa katika kitabu cha jirani.

Uskoti imebahatika kuvihifadhi vitabu hivi. Vingi vya Uingereza yenyewe viliteketea mwaka 1940 Southampton iliposhambuliwa kwa mabomu, na vilivyosalia vinahusu kaunti chache tu, hasa za kaskazini.

Hatua ya tatu: soma safu kuanzia kulia

Kila ukurasa una safu tano. Ya kwanza ni jina lilivyoandikwa kwenye mchoro; ya pili ni namna mbalimbali za tahajia zilizokusanywa; ya tatu ni mashahidi wa kila tahajia; ya nne ni mahali kitu kilipo; ya tano ni maelezo. Jicho huvutwa na safu ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa safu hiyo ndiyo hukumu. Ninashauri uanze na safu ya tano na urudi nyuma kuelekea ya kwanza.

Safu ya maelezo hukuambia kwanza ni kitu gani kilichopewa jina. Kwa shamba, mkaguzi kwa kawaida huandika kama nyumba ni ya ghorofa moja au mbili, kama imeezekwa kwa vibamba vya mawe au kwa nyasi, kama ina hali nzuri au mbovu, na ni mali ya nani. Kwa mwamba wa pwani anaweza kuandika kwamba hufunikwa maji yanapojaa. Maneno hayo ni kipimo cha kwanza cha jina. Ukikuta jina lenye neno la Kigaeli la kisima, tobar, na maelezo hayataji maji yoyote, basi ama kisima kilifukiwa, ama jina limehama, ama mkaguzi alioneshwa mahali pasipo. Andika shaka hiyo papo hapo.

Kisha nenda kwenye safu ya mahali, uweke kidole kwenye ramani ya inchi sita, ambayo Maktaba ya Taifa ya Uskoti inaionyesha bure mtandaoni ikiwa imelazwa juu ya picha ya leo ya nchi. Angalia pia aina ya herufi. Vitu vya kale, kama vile ngome, makanisa yaliyobomoka na visima vitakatifu, viliandikwa kwa herufi za Kigothi, na hiyo ni dalili kwamba ofisa alimsadiki shahidi aliyesema kuwa mahali hapo pana historia. Karibu na East Tarbet pana pango lililohusishwa na Mtakatifu Medan. Majina ya namna hiyo yanafaa kusomwa polepole, kwa sababu yanabeba imani ya watu pamoja na jiografia yao.

Ndipo urudi kwenye tahajia na mashahidi wake. Mara nyingi utaona jina limekatwa na jingine kuandikwa juu yake kwa mwandiko tofauti au kwa wino wa rangi nyingine. Usilipite. Mkaguzi aliyesimama shambani alisikia kitu kimoja, na mtu aliyekaa ofisini akaamua kingine. Jina lililokatwa mara nyingi ndilo lililo karibu zaidi na mdomo wa mkazi.

Hatua ya nne: wapime mashahidi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningependa msomaji atumie saa nyingi hapa kuliko kwenye hatua nyingine zote. Kwa kawaida kila jina lilihitaji mashahidi kadhaa, aghalabu watatu. Mashahidi hao hawakuhesabiwa sawa. Maelekezo ya Ordnance Survey kwa wakaguzi, yaliyochapishwa mwaka 1905, yanaonyesha wazi ngazi iliyotumika: kwanza mwenye ardhi, kisha wakala wake, kisha wachungaji wa kanisa, wasimamizi wa posta, walimu na watu wengine wenye cheo. Wakulima wadogo na wakazi wa vibanda hawakutakiwa kutegemewa, hasa katika tahajia, hata kwa jina la mahali walipoishi wao wenyewe, isipokuwa mkazi awe amesoma vizuri.

Fikiri maana ya ngazi hiyo katika parokia iliyo kama kidole kilichonyooshwa baharini. Anayejua jina la kila mwamba ni mvuvi anayetega kambakoche na mchungaji anayemtafuta kondoo aliyeshuka jabali. Anayeweka sahihi ni mwenye ardhi, ambaye katika sehemu kubwa ya Kirkmaiden alikuwa McDouall wa Logan, pamoja na wakala wake, mchungaji wa kanisa na mwalimu. Kwa hiyo jina lilitoka chini na tahajia ikatoka juu. Sioni njia ya kuvisoma vitabu hivi kwa haki bila kulishika jambo hilo kila unapofungua ukurasa, kwa maana watu waliolitunza jina kwa miaka mia nane mara nyingi hawamo katika safu ya tatu.

Fanya hivi. Chukua karatasi, uorodheshe kila shahidi wa parokia, na mbele yake uandike idadi ya majina aliyoyathibitisha na aina zake. Utaona upesi kwamba watu wachache wamebeba parokia nzima. Kisha ujiulize kwa kila mmoja: analijuaje jina hili? Mwalimu aliyehamia kutoka kaunti nyingine anaweza kuwa hodari wa tahajia na mgeni wa matamshi. Wakala anaandika kama lilivyo katika mikataba ya kukodisha. Mpangaji wa shamba anajua mipaka yake lakini si lazima ajue jina la kilima cha jirani. Pale ambapo shahidi wa ngazi ya chini amesimama peke yake, kama inavyotokea kwa miamba na mapango ambayo hayakumhusu mwenye ardhi, ramani huwa karibu zaidi na lugha ya mdomoni.

Baadhi ya mashahidi ni karatasi: ramani ya shamba, orodha ya kodi, au ramani ya kaunti iliyochorwa na John Ainslie mwaka 1782. Karatasi nazo hunakiliana. Kama mchungaji aliisoma ramani ya Ainslie ukutani kwake, na wakala akaichukua tahajia yake kutoka ramani hiyohiyo, basi mashahidi watatu ni shahidi mmoja aliyehesabiwa mara tatu. Wasomaji waliosoma hadithi za Mtume wanaijua kanuni hii kwa jina la isnadi: wingi wa wapokezi hauongezi nguvu iwapo wote wanarudi kwa mtu mmoja.

Katika visiwa na nyanda za juu zilizozungumza Kigaeli, tatizo lilikuwa la aina nyingine. Pale mkazi alikuwa anayaelewa majina yake vizuri, lakini wakaguzi wengi hawakuijua lugha, na ilibidi watafutwe wasaidizi wenyeji. Alexander Carmichael, mkusanyaji mashuhuri wa sala na nyimbo za Kigaeli, anatajwa miongoni mwa waliosaidia majina ya Hebrides ya Nje. Ukisoma kitabu cha huko, tafuta kwanza kama kuna msemaji wa Kigaeli kati ya mashahidi, na kama yupo, mpe uzito kuliko cheo chake kinavyodai.

Swali hili linatuhusu pia sisi wa Afrika Mashariki. Martin Hotine, ofisa wa Ordnance Survey, ndiye aliyeongoza upimaji wa tao la meridiani ya 30, yaani mfululizo wa vipimo unaofuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki, katika Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na baadaye akaiongoza idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa mwaka 1946, ambayo ilitengeneza ramani nyingi za skeli ya 1:50,000 za nchi zetu. Aliyezizoea ramani hizo akijiuliza ni mzee gani aliyehojiwa kijijini kwake, tayari ameshaanza kusoma kwa namna inayotakiwa.

Hatua ya tano: lisikilize jina

Tahajia ni ganda. Kabla ya kutafuta maana, tafuta namna wenyeji wanavyolitamka, na hasa mkazo unaangukia wapi. Msomaji wa Kiswahili ajihadhari, kwa kuwa ulimi wetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kuuliza. Kijiji kikubwa cha Kirkmaiden ni Drummore, na mkazo wake uko mwishoni. Mji wa Stranraer, ulio kaskazini yake, hali kadhalika. Katika majina ya Kigaeli nomino hutangulia na sifa hufuata, na mkazo huenda kwenye sifa; katika majina ya Kiskoti na ya Kinorwe cha kale, sifa kwa kawaida hutangulia na kuchukua mkazo.

Katika jambo hili sisi tuna faida ambayo msemaji wa Kiingereza hana. Drummore ni druim mòr. Druim ni mgongo, wa mtu au wa mnyama, na pia mgongo wa mlima, kama tunavyosema wenyewe. Mòr ni kubwa. Mgongo Mkubwa: neno kwa neno, kwa mpangilio uleule. Mull nayo inatokana na maol, yaani chenye upara, kwa kuwa rasi hiyo haina miti, na rasi nzima ndefu inaitwa Rhinns kutoka rinn, yaani ncha.

Jina la parokia lenyewe linafundisha tahadhari. Jicho linaloijua lugha ya Kiingereza huona maiden na kufikiri ni mwanamwali. Lakini Kirkmaiden ni kanisa la Medana, au Medan: neno kirk lilikuja na wasemaji wa Kinorwe na Kiskoti, ilhali kulitanguliza mbele ya jina la mtakatifu ni mpangilio wa Kigaeli. Lugha mbili zimekaa ndani ya neno moja, na majina mengi ya Galloway yameundwa hivyo, Kirkcudbright likiwa mojawapo.

Jifunze maneno machache ya Kigaeli yanayorudiarudia: cnoc, kilima, huandikwa Knock, achadh, konde, huandikwa Auch au Ach, baile, makazi au shamba, huandikwa Bal, dùn ni ngome, allt ni kijito. Usiyatumie kama ufunguo wa kila mlango. Kil mwanzoni mwa jina mara nyingi ni cill, kanisa, lakini inaweza pia kuwa coille, msitu, na hakuna anayeweza kuamua kwa kulitazama jina peke yake. Lazima kuwe na kaburi la kale, msingi wa jengo au hati.

Hatua ya sita: linganisha na yaliyotangulia na yaliyofuata

Panga maandishi kwa umri. Ramani za Galloway katika atlasi ya mwaka 1654 ya Blaeu, mchapishaji wa Kiholanzi, zinatokana na kazi ya Timothy Pont aliyezunguka Uskoti mwishoni mwa karne ya 16, wakati Kigaeli kikiwa bado hai pale, na kwa sababu hiyo tahajia yake, ijapokuwa ngeni kwa macho, ina thamani kubwa. Baada yake kuna daftari la umiliki wa ardhi liitwalo Register of Sasines, lililoanzishwa mwaka 1617, kisha ramani ya Roy, ya Ainslie, na taarifa mbili za parokia zilizoandikwa na wachungaji, za miaka ya 1790 na za 1834 hadi 1845. Sensa za 1841 na 1851 zinafaa sana, kwa sababu karani wake aliandika jina la shamba bila kusubiri sahihi ya mwenye ardhi. Mwisho kuna upimaji upya wa miaka ya 1890.

Ulinganisho huo huonyesha pia majina yaliyobadilishwa kwa makusudi. Ghuba ya magharibi ya parokia hii iliitwa Port Nessock. Mwanzoni mwa karne ya 19 familia ya McDouall ilijenga pale gati na kijiji, na kijiji kikaitwa Port Logan kwa jina la ardhi yao. Wapima ardhi walikuta badiliko hilo likiwa bado ndani ya kumbukumbu ya wazee.

Hatua ya saba: weka kumbukumbu yako

Kwa kila jina tengeneza kadi moja. Andika tahajia ya ramani, tahajia zote zilizokataliwa, kila shahidi na ngazi yake, maelezo ya mkaguzi, alama ya kitabu na ukurasa, na nambari ya gridi ya taifa, ambayo kwa Kirkmaiden huanza na herufi NX. Nafasi ya maana iwe ya mwisho kwenye kadi, na ibaki tupu mpaka matamshi, mahali na maandishi ya kale vikubaliane.

Ukipata nafasi ya kufika huko, nenda na kadi za pwani kwanza, kwa kuwa majina ya mashamba yamo kwenye vibao vya barabarani lakini majina ya miamba yamo kwa wavuvi wachache. Usimwoneshe mzee tahajia kabla hajazungumza, maana ataisoma kwa heshima ya maandishi na utakuwa umepoteza ulichokifuata. Mwombe akueleze anavyopita na mashua kutoka Drummore hadi East Tarbet, mwamba kwa mwamba, na wewe uandike unavyosikia, ukiweka alama chini ya silabi yenye mkazo.